Mrejesho: Peugeot 504 iliyogoma funguo na stelingi kujifunga

Wakuu, ile 504 ya mzee iliyogoma funguo stelingi ikajiloki imepona. Mlionambia nitikise usukani kulia kushoto huku nazungusha funguo mlikuwa sahihi kabisa, tairi zilikuwa zimekata kona zinaibana pini ya loki ya stelingi, ikaachia palepale. Ila starter ikawa kimya, fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, akachomoa betri kwanza ndo akafungua swichi iliyo nyuma ya silinda ya funguo, kopa za ndani (shaba zinazopitisha umeme) zimeungua nyeusi tii. Loki ya stelingi nayo tumeishusha tukaisafisha, zile bolti zisizo na kichwa zinazoishika akazigonga kwa patasi taratibu mpaka zikazunguka. Alitaka aitupe loki kabisa nikakataa, gari ya mzee hii siwaachii wezi. Asanteni mno.