Ushauri: naweza kuziacha ndege mbili za mwisho kwenye tiketi ya kuzunguka dunia?

BintiUkunda: Wanajukwaa, salaam. Ninaishi London, lakini tiketi yangu ya kuzunguka dunia, ya oneworld (muungano wa mashirika ya ndege), niliianzia Johannesburg, kwa kuwa bei ya tiketi hizi hufuata nchi unakoanzia na Uingereza ilikuwa juu mno. Nimeshapita Hong Kong, Tokyo na Los Angeles. Iliyobaki ni New York–London, kisha saa chache Heathrow, halafu Doha na Johannesburg, ambako masharti yananitaka nimalizie. Afrika Kusini sina shughuli tena. Je, nikishuka London nikaenda zangu nyumbani, nitakuwa nimejitia matatani?

MzeeWaKaunta: Dada, shukuru kwamba unazotaka kuziacha ni za mwisho, kwa maana ukiruka kipande cha katikati mfumo hufuta vyote vinavyofuata. Hofu yangu ni begi. Ukiunganisha ndege ndani ya saa 24, begi kwa kawaida huandikiwa lebo ya mwisho wa safari, kwa hiyo pale kaunta ya New York usiondoke kabla hujaisoma: ukiona JNB (Johannesburg) badala ya LHR (Heathrow, London), nguo zako zitafika Johannesburg bila wewe. Njia safi ni kupiga simu mapema uombe ndege ya London–Doha isogezwe mbele kwa wiki kadhaa, ndani ya mwaka mmoja ambao tiketi inatumika. Kubadili tarehe bila kugusa njia mara nyingi hakutozwi ada, na begi litaishia London kihalali.

Nahodha: Mzee amesahau ushuru wa abiria wa Uingereza. Akikaa London zaidi ya saa 24, safari ya Doha itahesabiwa kuwa imeanzia hapo, na ushuru huo, ambao kwa safari ndefu si wa kubeza, unaweza kuongezwa tiketi inapotolewa upya. Hata hivyo, hutozwa kwa anayeondoka kweli. Dada, futa nafasi yako kabla ya siku ya ndege, kisha udai urejeshewe.

Mpenda_Sheria: Ukiacha ndege za mwisho, mashirika yanaweza kudai tofauti kati ya nauli uliyolipa na nauli ya safari uliyoifanya kweli. Lufthansa ilimdai euro 2,112 abiria aliyekuwa akirudi Oslo kutoka Seattle akaishia Frankfurt. Mwaka 2018 mahakama ya Berlin ikalitupa dai hilo. Usiifanye hukumu hiyo kinga yako. Kesi ni nadra, lakini maili zako, yaani pointi za abiria wa mara kwa mara, wanaweza kuzifuta bila kwenda mahakamani.

BintiUkunda: Ahsanteni sana. Kesho nitampigia wakala, na nitaanza na hilo la ushuru. Mzee, je, nikiwa na begi la mkononi tu?

MzeeWaKaunta: Hapo umepunguza mzigo wa mawazo. Ila ndege ikijaa, mabegi ya mkononi nayo hukusanywa mlangoni na kushushwa chini, na lebo yake huandikwa hadi mwisho wa safari vilevile. Wakilichukua, omba lebo ya London palepale.