Naomba ushauri: kushusha kamera mita 800 kwa boti ndogo, na kila mwenzetu awe na kazi

Kina_Kirefu:
Wakuu, habari za humu. Tuko kikundi cha wavuvi, walimu wa sayansi na wanafunzi. Mwenzetu mmoja anatumia kiti cha magurudumu, mwingine haoni. Tunataka kushusha kamera hadi mita 800, ikae chini kwa muda wa saa 6, kisha ipande. Meli hatuna, tuna boti ya mita 8. Fedha ni za kuchangishana.

Maswali: bomba la kamera lijengweje lisipondwe? Kamera ifungwe kamba au iachwe huru? Wale wenzetu wawili washirikije kwa kazi za kweli, si kwa picha ya pamoja tu? Na vibali? Tafadhali msiniambie nikodi roboti ya kebo, hiyo inahitaji meli tusiyo nayo.

Fundi_Presha:
Mkuu, anza na hesabu kabla ya kununua chochote. Kila mita 10 za maji huongeza takriban bar 1. Kwa mita 800 ni bar 80 na ushei, yaani kama kilo 82 juu ya kila sentimita mraba. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 kinabeba zaidi ya tani 6. Kwa hiyo kila kitu kiwe kidogo na cha mviringo.

Bomba la alumini lililokatwa na kuchongwa kwenye mashine ya kukereza linatosha kwa kina hicho, mradi unene ukokotolewe na anayejua. Palipo na kazi ni dirisha. Mkazo kwenye dirisha bapa hufuata mraba wa kipenyo ukigawanywa kwa mraba wa unene, kwa hiyo ukipunguza kipenyo nusu, unene nao unaweza kushuka nusu. Lenzi ndogo haihitaji dirisha la sahani. Na dirisha la akriliki (plastiki ngumu angavu) lisisafishwe kwa spiriti wala asetoni: hutoa nyufa nyembamba kama nywele, halafu zinafunguka chini.

Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia maji, ziwe mbili kwa kila kifuniko. Grisi ya silikoni ipakwe utando tu, oringi ing'ae basi. Grisi nyingi hunasa mchanga. Unywele mmoja juu ya oringi unatosha kuingiza maji. Tena mara nyingi uvujaji hutokea mita chache za mwanzo, kwa sababu presha bado haijaisukuma oringi ikae vizuri kwenye mfereji wake. Chombo kilichopita mtihani wa bar 100 bado kinaweza kuvuja ndani ya pipa la maji.

Majaribio yaende hivi. Kwanza nyonya hewa ndani ya bomba hadi presha ishuke kwa theluthi moja ya angahewa, funga, subiri dakika 15. Mshale wa kipimo cha presha usisogee. Fanyia kivulini, maana jua likipasha bomba mshale utasogea na mtaanza kutafuta tundu lisilokuwepo. Kisha liingie kwenye chombo cha majaribio chenye pampu ile ya kupimia mabomba ya maji, hadi bar 100, likae saa nzima, mrudie mara kadhaa. Hewa yote itolewe kwenye chombo hicho kabla ya kupampu: maji yakipasua kitu yanamwagika, hewa iliyobanwa inaua. Safari ya kwanza baharini bomba liende tupu, na karatasi ya shashi ndani. Shashi ikirudi kavu, ndipo muweke kamera.

Kamba_Ndefu:
Mimi nasema kamba. Chombo huru kikigoma kupanda, mchango wa watu umekwenda.

Farumi:
@Kamba_Ndefu kwa mita 50 au 200 nakubali, na majaribio ya mwanzo yafanyike kwa kamba. Kwa mita 800 piga hesabu: mkondo unailaza kamba, kwa hiyo unahitaji mara 1.5 ya kina, yaani mita 1200. Mkondo ukishika urefu wote huo unaburuta fremu inayobeba kamera, picha zote zinatikisika, au boya la juu linazamishwa. Kuvuta bila winchi ni kazi ya kuumizana, na nyangumi akinasa mna kesi nyingine.

Chombo huru, basi, lakini chenye njia mbili za kuachia uzito. Pesa nyingi ziende hapa, kamera inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Watu hununua lenzi ya kifahari halafu wanategemea kiachio kimoja.

Uzani kwanza. Fremu na kila kilichomo, bila farumi (uzito wa kukizamisha chombo), ielee kwa nguvu ya kilo 5. Farumi iwe na kilo 10 ikiwa ndani ya maji, ili kasi ya kushuka na ya kupanda zikaribiane. Msipime nchi kavu mkadhani mmemaliza: chuma hupoteza asilimia 13 ya uzito wake ndani ya maji ya bahari, mchanga karibu 39, zege karibu 43. Kwa hiyo mnahitaji chuma kilo 11.5, au mchanga mkavu kilo 16 na nusu. Mchanga kwenye gunia la katani ndio napendelea, maana unabaki chini na gunia linaoza. Maboya ya kawaida ya nyavu yasitumike, yanabanwa na kupoteza uelezi njiani. Tafuteni tufe la kioo au povu gumu lililopimwa kwa kina hicho.

Kiachio cha kwanza: waya mwembamba wa chuma cha pua, wenye ganda, uliochunwa milimita chache. Muda ukifika, kompyuta ndogo inaupelekea volti 9 hadi 12 na chumvi ya bahari inaula ndani ya dakika chache. Waya LAZIMA uwe upande wa chanya. Ukibadilisha nyaya, mapovu yatatoka vizuri tu na waya hautakatika kamwe. Mkijaribu kwenye ndoo, wekeni gramu 35 za chumvi kwa lita, maji ya bomba yatawadanganya.

Kiachio cha pili: kiungo cha metali mbili kinacholika chenyewe kwa saa kadhaa, bila umeme. Chagueni cha muda mrefu kuliko wa kwanza, na mkumbuke kwenye maji baridi kinachelewa. Viachio vyote viwili vikae kwenye mnyororo mmoja, kimoja chini ya kingine, ili chochote kitakachokatika kwanza kiangushe mzigo. Vikifungwa sambamba itabidi vyote viwili vikatike, na hapo akiba haipo.

Mwendo: mita 1 kwa sekunde, chini mnafika baada ya dakika 13 hivi. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde utakuwa umekipeleka mita 400 pembeni, na kurudi vilevile. Juu ya fremu wekeni bendera, taa ya kumwekamweka na kirusha mahali cha setilaiti, antena ikae juu ya maji kabisa. Pangeni chombo kiibuke kabla ya mapambazuko: taa inaonekana mbali, na mwanga wa kukifuata unakuja.

Kamba_Ndefu:
Sawa, kwa viachio viwili nimekuelewa.

Jicho_la_Chini:
Naongeza ya picha. Taa zisikae karibu na lenzi, zikae pembeni na kuinamishwa, la sivyo mtarekodi theluji ya chembe tu. Mwanga mwekundu hausumbui sana wanyama wa kina, lakini maji huumeza haraka, kwa hiyo chambo kiwe mita moja hivi kutoka kwenye lenzi. Samaki wa mafuta, kilo moja, ndani ya kimfuko cha wavu. Mkono wa chambo uchorwe alama kila sentimita 10, bila hivyo hakuna atakayejua ukubwa wa mnyama. Fremu ikitua hutimua tope, kwa hiyo nusu saa ya mwanzo msipoteze betri. Baada ya hapo rekodini dakika 1 kila dakika 5. Baridi hupunguza uwezo wa betri za lithiamu, ongezeni akiba ya theluthi.

Msidhani kazi ni ndogo. Utafiti uliotoka 2025 kwenye jarida la Science Advances ulikadiria kuwa chini ya asilimia 0.001 ya sakafu ya kina kirefu imewahi kuonekana kwa macho, na asilimia 97 ya mizamo iliyohesabiwa ilifanywa na nchi tano tu. Maka Niu, kamera ndogo iliyobuniwa pamoja na watu wa Hawaii, imejengwa kwa mita 1500, kwa hiyo njia mnayoifuata si ya kubahatisha.

Kila_Mkono:
Swali la tatu limeachwa, ngoja nilichukue. Mwenzenu asiyeona apewe ukaguzi wa oringi na mifereji. Mkwaruzo wa alumini hugunduliwa kwa ukucha upesi kuliko kwa jicho, na spana ya kupimia mkazo inalia mkazo ukifika. Huo ni ukaguzi wenye mamlaka: akisema hapana, chombo hakishuki. Ramani ya eneo ichapwe kwa mashine ya 3D kutoka data ya bure ya GEBCO (ramani ya kina cha bahari za dunia), mwinuko uzidishwe ili vidole viusome. Miraba yake ni kama mita 450, msitarajie mawe humo.

Anayetumia kiti: kama gati linaelea usawa wa boti, anapanda. Kiti kifungwe kwenye boti, mtu asifungwe kwenye kiti, na jaketi lake la kuokolea lijaribiwe majini kabla. Akipenda kubaki pwani, yeye ndiye afuatilie kirusha mahali na kuielekeza boti kwa redio.

Video ya kawaida inakula GB 11 kwa saa. Toeni picha moja kila sekunde 10, za KB 200, saa nzima inakuwa MB 72, hata mwenye simu ndogo anaitazama. Kila picha iwe na maelezo ya maandishi. Majina ya samaki muwaulize wavuvi wenu kwanza, ya kisayansi yaandikwe kando.

Bandarini:
Vibali: hata kwa boti yenu wenyewe, wataarifuni mamlaka ya bandari na ya uvuvi, mpeleke na mahali na saa za kushusha. Meli ya kigeni ikija kutafiti kwenye eneo la kiuchumi la nchi yenu, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaitaka itoe taarifa miezi 6 kabla, na nchi ya pwani ina haki ya kushiriki, ikiwemo kupanda melini inapowezekana. Nchi ndiyo yenye haki hiyo, kwa hiyo ombeni nafasi kupitia wizara, na mapema.

Kina_Kirefu:
Asanteni sana wakuu. La mwisho: ukungu ndani ya dirisha?

Fundi_Presha:
Hewa yenye unyevu imefungiwa ndani, ikifika kwenye baridi inatoa umande. Fungeni bomba chumba kikavu, wekeni silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) iliyokaushwa siku hiyohiyo. Na likirudi, kabla ya kulifungua lisikieni kwanza: betri ya lithiamu iliyoguswa na maji hutoa gesi. Wekeni vali ya kutoa presha, na asikae mtu mbele ya kifuniko.