Msaada: FADA ya valvu, ganda la kijani. Ilitoka kiwandani hivi au ilikuwa buluu?

Mjukuu_wa_Redio: Wakuu, habari zenu. Marehemu babu kaniachia redio ya valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), chapa ya FADA ya Marekani, ile yenye upande mmoja wa mviringo ambayo wapenzi wa redio za zamani huiita Bullet. Ganda ni la kijani kilichofifia. Mshikio na fremu ya kioo cha stesheni ni njano kama siagi. Lebo ya chini imebanduka. Nimesoma kwamba umbo hili lilitoka kwa namba mbili: 115 kabla Marekani haijaingia Vita vya Pili vya Dunia, na 1000 baada ya vita. Nimesoma pia kwamba za buluu ni adimu sana.

Jana nilivua kitufe cha sauti. Chini yake nikakuta duara dogo lenye rangi iliyokoza, wala si kijani hasa. Nilikuwa nimeshashika dawa ya kung'arishia, nikasita. Naomba ushauri kabla sijaharibu kitu cha mzee.

Fundi_Chasi: Pole kwa msiba, mkuu. Ulipovua kile kitufe, redio ilikuwa imechomolewa kwenye umeme? Nauliza kwa sababu redio nyingi ndogo za Kimarekani za miaka ya 1940 hazina transfoma ya umeme. Soma namba za mwanzo kwenye valvu: 12, 12, 12, 35, 50. Hizo ni volti za nyuzi za kupashia moto, zimeungwa mfululizo, na ukijumlisha unapata 121, karibu sawa na umeme wa kwao. Kwa mpangilio huo chasi yenyewe, yaani fremu ya chuma iliyobeba vipuri vya ndani, inaweza kuwa na umeme, na ukivua kitufe unabaki umeshika chuma. Usiiwashe kabisa mpaka fundi abadilishe kapasita za karatasi, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme.

Mjukuu_wa_Redio: Ilikuwa imechomolewa, fundi. Asante, hilo sikulijua.

Bi_Katalini: Ndugu yangu, ulivyosita umefanya la maana. Hilo ganda linaonekana ni katalini, si bakelaiti; zote mbili ni plastiki za zamani. Bakelaiti huchanganywa na unga wa mbao na kushindiliwa kwa joto, ndiyo maana nyingi ni za kahawia au nyeusi. Katalini humiminwa ikiwa utomvu mtupu, kwa hiyo hukubali rangi angavu. Kasoro yake ni kwamba uso wake hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Nyeupe huwa siagi, na buluu ikivikwa unjano huonekana kijani. Fremu yako ya "njano" huenda ilikuwa nyeupe, na kijani chako huenda ni buluu iliyozeeka.

Utando huo ni mwembamba. Geuza redio, tafuta ukingo wa ndani chini kabisa pasipoonekana, kwaruza nukta ndogo kama kichwa cha kiberiti kwa msasa laini sana. Rangi utakayoiona hapo ndiyo ya kiwandani. Ukinusa harufu kali ya fenoli, kama dawa ya kuulia vijidudu, basi ni katalini kweli.

Sauti_ya_Kale: Mimi ningeing'arisha yote. Babu aliinunua ikiwa buluu, iwe buluu.

Bi_Katalini: Sikubaliani nawe, mkuu. Uso ukishaondoka haurudi, na wapo wanaoupenda huo uzee. Aitambue kwanza, ya kung'arisha aamue akiwa ametulia.

Fundi_Chasi: Kuhusu 115 au 1000, ganda halitakusaidia, ni lilelile. Linganisha chasi na mchoro wa saketi wa kila namba: aina za valvu na mpangilio wake. Ila usiivute kwa nguvu. Katalini husinyaa, na chasi iliyokuwa ikiingia vizuri leo inaweza kuwa imebanwa. Ukilazimisha, ganda linapasuka. Angalia pia kama vipande vyote vimezeeka sawasawa, maana mishikio ya kuigiza ipo mingi.

Mjukuu_wa_Redio: Narudi na majibu. Nimekwaruza ukingo wa ndani: buluu iliyoiva, na kitambaa kimetoka na doa la njano. Harufu ipo. Fremu nayo, nyuma yake, nyeupe. Ila mshikio nilipoukwaruza kwa chini ni njano ileile hadi ndani, na hauna harufu yoyote. Nadhani mzee aliubadilisha. Chasi imebana upande wa kulia, sijaigusa. Jumamosi naipeleka kwa fundi tuifungue pamoja.

Bi_Katalini: Huo mshikio usiutupe. Na hiyo dawa ya kung'arishia iweke kabatini kwanza.