Kobe amegoma kula na baridi imeingia: nimpashe joto au nimwache alale?

binti_wa_Tanga, 9 Novemba
Habari zenu wakuu. Naishi Ujerumani, karibu na Leipzig. Mwezi Agosti jirani yetu, bibi mtu mzima, alihamia nyumba ya wazee akatuachia kobe wake pamoja na karatasi zake za usajili. Ni dume, aina ya Hermann, na bibi amekaa naye zaidi ya miaka thelathini. Kiangazi chote alishinda bustanini akila majani kama mbuzi. Tangu mwisho wa Oktoba amepoa, anajichimbia udongoni, chakula hataki. Juzi nikamwingiza sebuleni karibu na hita. Akaamka, akala jani moja la letasi, akajikunja tena. Mwanzoni mwa Oktoba alikuwa gramu 1,240, leo ni 1,215. Mama yangu kanipigia kutoka Tanga, anasema mnyama huyo anakufa, mlishe. Binti yangu wa miaka tisa analia. Bibi alituambia baridi ikija tumweke kwenye friji, nikadhani Kijerumani changu kimenipotosha. Naombeni ushauri, sitaki afie mikononi mwangu.

mtu_wa_Pangani
Pole sana dada. Kobe tuliokua tukiwaona shambani hawajui friji. Mpashe joto, mpe mchicha na tango.

fundi_bustani
Dada, Kijerumani chako kiko sawa. Bibi alimaanisha friji kweli. Ninao wawili wa aina hiyo hapa Uholanzi, mwaka wa kumi na moja sasa.

Ndugu wa Pangani yuko sahihi kwa kobe wa kwetu. Yule mkubwa mwenye madoa kama ya chui halali baridi, ukimtia kwenye friji umemuua. Huyu wako kwao ni Italia, Ugiriki, nchi za Balkani, na huko baridi ikija anajifukia mpaka majira ya machipuko. Kinachomuua ni kubaki hapo katikati. Sebule ya nyuzi 18 haina joto la kumfanya ameng'enye chakula vizuri, wala baridi ya kuutuliza mwili. Anachoma akiba yake na haingizi kitu.

Lakini usimtie leo, nakuomba! Lile jani la juzi na alivyokula kabla yake bado vimo tumboni, na akilala navyo vitaoza humo humo. Kwa kobe wa ukubwa huo hesabu wiki tatu bila chakula. Mwanzoni mwache kwenye joto na taa ili tumbo lifanye kazi, na kila baada ya siku moja mwogeshe kwenye beseni, maji ya uvuguvugu yasizidi kidevu, dakika ishirini. Humo atakunya na atakunywa. Wiki ya mwisho mhamishie chumba kisichopashwa joto na upunguze mwanga. Na kabla ya yote, daktari anayejua wanyama watambaao ampime, kinyesi nacho kikaguliwe minyoo. Aliye mgonjwa au aliyekonda halazwi mwaka huo.

binti_wa_Tanga
Asante sana kaka. Nimelia kwa kushukuru. Friji ni hii hii ya chakula? Na atapumuaje?

fundi_bustani
Si ya chakula. Tafuta ndogo iliyotumika. Iwashe wiki nzima kabla hajaingia, kipimajoto kikae ndani ya boksi lake, si mlangoni. Unataka nyuzi 4 hadi 6. Jaza chupa za maji pembeni, zinazuia joto kupandapanda. Boksi liwe na matundu, udongo wenye unyevu kidogo na majani makavu juu, lisiguse ukuta wa nyuma unaogandisha. Kila siku fungua mlango dakika chache, hewa ibadilike.

Kila wiki mpime kwa mizani ya jikoni. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito aliolala nao, mwamshe. Na akikojoa mwamshe siku hiyo hiyo, hata kama uzito haujafika hapo, kwa sababu yale ndiyo maji aliyokuwa akiishi nayo.

mama_watatu
Nakazia hilo la kipimajoto. Wetu tulimweka gereji ndani ya boksi la nyasi kavu, tukaridhika. Usiku mmoja joto likashuka chini ya sifuri. Machipuko aliamka, lakini macho yalikuwa yameharibika na baridi, haoni. Mpaka leo namlisha kwa mkono, jani namgusisha mdomoni. Dada, kagua kila siku.

binti_wa_Tanga, 3 Desemba
Daktari amempitisha, minyoo hana. Ameingia leo akiwa na gramu 1,190. Binti yangu ameandika kwenye mlango wa friji: 1,071 AMSHA.

binti_wa_Tanga, 6 Februari
Jamani! Wiki zote alikuwa anashuka gramu moja, mbili. Jumapili iliyopita 1,174. Leo 1,139 na udongo chini yake umelowa. Hajafika 1,071. Nifanyeje?

fundi_bustani
Amekojoa. Mtoe sasa. Mwache kwanza saa chache kwenye chumba cha baridi kiasi, kisha sebuleni, kisha beseni la maji ya uvuguvugu. Usimharakishie chakula, maji kwanza. Akichangamka mweke chini ya taa ya joto na ile yenye mionzi kama ya jua, na beseni kila siku. Asirudi kwenye friji. Msimu wa baridi uliobaki atamalizia ndani, akila kama kiangazi. Zikipita siku saba hajala, daktari.

mama_watatu
Tuko nawe mdogo wangu. Tupe habari.

binti_wa_Tanga, 10 Februari
Siku ya kwanza alikaa kwenye beseni kichwa kimelala majini, nikashikwa na hofu, kumbe anakunywa. Koo lilikuwa likicheza, muda mrefu sana. Leo amekata jani la chikori kwa nguvu mpaka likamponyoka mwanangu mkononi. Uzito 1,181. Mama kamwona kwenye simu, ananiuliza kama mchicha unapatikana huku.

Jioni nilimpigia bibi. Alisikiliza yote, akauliza moja tu: amekunywa? Nikamwambia amekunywa.