Zamu ya Bamdogo kuchagua filamu

(Kikundi: Ukoo wa Mzee Shomari)

Idd: Shikamooni wakubwa. Projekta nimeazima. Jumamosi ni zamu ya Bamdogo, anatuchagulia nini?

Bamdogo Salim: Marahaba. The Dirty Dozen, ya 1967. Mjadala umefungwa.

Zuwena: 1967?? Bamdogo hata mama alikuwa hajazaliwa 😂

Bamdogo Salim: Na bado inazipiga bao hizo zenu za magari kuruka ghorofani.

Shangazi Mwajuma: Ndiyo ile ya wafungwa?

Bamdogo Salim: Hiyohiyo dada. Wanajeshi 12 wa Kimarekani, wako jela ya jeshi Uingereza, 1944. Watano wanasubiri kunyongwa, waliobaki wana vifungo virefu na kazi ngumu. Meja Reisman, ambaye ni Lee Marvin, anaambiwa awafunze, kisha waruke na parachuti Ufaransa kabla ya mashambulizi ya Normandy, wakawamalize maofisa wa Kijerumani kwenye kasri moja wanakokwenda kustarehe.

Idd: Wakirudi wanaachiwa?

Bamdogo Salim: 🎤 (sauti, 2:41)

Zuwena: Bamdogo andika, niko kwenye daladala

Bamdogo Salim: Nimesema hakuna aliyeahidiwa uhuru. Anaambiwa ukifanya vizuri, adhabu yako HUENDA ikafutwa. Na akijaribu kutoroka mmoja, wote 12 wanarudishwa kwenye adhabu zao, wa kamba kwa kamba. Kwa hiyo wanalindana kwa lazima. Raha ya filamu iko hapo, risasi zinakuja mwishoni tu.

Zuwena: Steringi nani?

Bamdogo Salim: Hahaa. Hilo swali lilitusumbua banda zima la video enzi hizo. Sisi tunajua steringi hafi. Mmoja kashika Jim Brown, mwingine Cassavetes, mwingine lile jitu Clint Walker. Kila ukishika mtu anakwenda na maji. Katika wale 12 anarudi Bronson peke yake.

Zuwena: Asante kwa kutuhadithia mwisho 🙄

Bamdogo Salim: Filamu ina karibu miaka 60, mlitaka nisubiri hadi lini?

Kaka Idrisa (Muscat): Jim Brown yule mcheza mpira wa Kimarekani?

Bamdogo Salim: Ndiye. Cleveland Browns. Mvua za Uingereza zilichelewesha upigaji wa filamu, mwenye timu akatishia kumkata faini asiporipoti mazoezini. Jamaa akatangaza kustaafu akiwa hukohuko kwenye filamu, 1966, ana miaka 30 na bado ndiye bora ligi nzima.

Kaka Idrisa (Muscat): Mwanaume!

Bamdogo Salim: Na Lee Marvin haigizi ugumu. Alikuwa Marine kweli, askari wa majini wa Marekani, alijeruhiwa kisiwa cha Saipan 1944. Muangalie anavyosimama tu. Kuna pale wafungwa wanagoma kunyoa ndevu kwa maji ya baridi. Hapigi mtu. Anaamuru maji ya moto yafutwe, sabuni zichukuliwe, nyembe zichukuliwe. Wanabaki na ndevu na uchafu wao, ndiyo jina la filamu hilo, kumi na wawili wachafu. Lakini tangu siku ile wameshakuwa kitu kimoja, na yeye ndicho alichokuwa anakitafuta.

Dada Rehema: Mwalimu wa historia nimefika. Naomba niharibu sherehe.

Idd: Tulijua tu 😂

Dada Rehema: Wale wafungwa 12 hawakuwapo. Filamu imetoka kwenye riwaya. Kilichokuwapo ni kikosi kidogo cha walipuaji cha Divisheni ya 101, Wamarekani wa parachuti, waliitwa Filthy Thirteen, waliruka Normandy Juni 1944. Walinyoa panki, wakajipaka rangi usoni, walikuwa watukutu na wachafu kwa kujitakia. Wafungwa hawakuwa.

Bamdogo Salim: Kwa hiyo jambo lenyewe ni uongo?

Dada Rehema: Hapana, wafungwa kupelekwa vitani kulikuwapo, ila kwa majeshi mengine. Wajerumani walikuwa na vikosi vya 999, walianza 1942, ndani wamechanganywa wahalifu na wapinzani wa Hitler waliokuwa wamefungwa. Wakapelekwa Tunisia, wengine Ugiriki. Wapo waliotumia nafasi hiyohiyo kuvukia kwa adui. Na Stalin, amri namba 227 ya Julai 1942, ikaanzisha vikosi vya adhabu. Unapelekwa pale panapowaka zaidi, ukijeruhiwa inahesabika umelipa deni lako kwa damu.

Shangazi Mwajuma: Astaghfirullah

Dada Rehema: Hakuna kasri wala maofisa walevi. Ni watu wanasukumwa mbele ili wengine wapite. Filamu inakuonyesha 12 kwa majina na sura, hadi unawapenda. Huko kwenyewe ilikuwa ni maelfu.

Idd: Dada si hadithi za zamani tu hizo. Kuna yule kijana wa kwetu.

Kaka Idrisa (Muscat): Yupi?

Idd: Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa. Wagner, lile jeshi la kukodiwa la Warusi, wakapita magerezani 2022 wanatoa ofa: miezi 6 vitani Ukraine, pesa, halafu uko huru. Akakubali. Oktoba mwaka huo akauawa. Wizara ya Mambo ya Nje ikathibitisha Januari 2023. Na Mzambia mmoja, mwanafunzi vilevile, yaliyomkuta ni hayohayo.

Shangazi Mwajuma: Nakumbuka siku mwili umekuja. Mama yake alimpeleka mtoto kusoma jamani.

Zuwena: Innalillahi

Kaka Idrisa (Muscat): Lakini si alikubali mwenyewe?

Dada Rehema: Idrisa, mtu yuko jela ugenini, hana ndugu wa kumletea hata chai. Unamwambia miaka au miezi 6. Hapo umemuuliza au umemwambia?

Bamdogo Salim: Mwalimu nakubali yote. Ila filamu yangu usiionee. Haikuficha. Mwishoni kabisa zinasomwa taarifa za kwenda kwa ndugu: wote wamefia kazini. Hakuna atakayejua walikuwa nani wala walitendwa nini. Majenerali ndio wanakwenda hospitali kupongeza. Mimi sikuona ushindi pale.

Dada Rehema: Na ile ya petroli kwenye matundu ya hewa? Maofisa wamejifungia chini na wanawake wao, juu wanamwagiwa petroli na mabomu ya mkono. Banda lilishangilia, eti?

Bamdogo Salim: Walishangilia. Hadi Jim Brown alipoanguka. Hapo kimya.

Shangazi Mwajuma: Sasa hiyo petroli wajukuu zangu hawaioni.

Bamdogo Salim: Dada, lakini wataikosa ya Donald Sutherland! Anavalishwa ujenerali wa bandia, anakagua gwaride la kikosi cha kanali mnoko, anatembea kama mwenye nchi. Mpaka Mwalimu atacheka.

Dada Rehema: Hiyo nacheka, kweli.

Shangazi Mwajuma: Iko mwanzo au mwisho?

Bamdogo Salim: Kabla ya nusu. Ukiona wanapanda ndege, wapeleke ndani.

Zuwena: Na mimi?

Shangazi Mwajuma: Wewe utanisaidia kuwapeleka.