Video ya DVD ya harusi imetanuka, watu wote wamekuwa mabonge, msaada wakuu

mchanga_wa_pwani:
Wakuu habari za jioni. Kuna DVD ya harusi ya dada yangu ya mwaka 2006, deki ya nyumbani ilishakufa kitambo na DVD yenyewe imejaa mikwaruzo, nikaona bora niihamishie kwenye laptopu kabla haijagoma kabisa. Nikatumia programu moja ya bure nikaigeuza MP4. Sauti safi, picha safi, ila imetanuka kwa pembeni, yani watu wote wamevimba na gari la maharusi limekuwa kama daladala. Bi mkubwa kajiona kasema huyo sio yeye, hajawahi kuwa na mashavu hayo, anataka kujua nani kamharibu. Taarifa za faili zinasema 720 kwa 576. Nataka niweke kwenye fleshi waangalie sebuleni kwenye TV bapa. Shida iko wapi na inarekebishika?

koki_bovu:
Fungua na VLC (programu ya kuchezesha video), bonyeza herufi A kwenye kibodi mpaka itokee 4:3, umbo la TV za kizamani. Kwisha habari.

mchanga_wa_pwani:
Daah kweli, bi mkubwa karudi kwenye umbo lake. Ila nikifunga nikifungua tena kanenepa, alafu TV haina VLC.

dogo_rendaringi:
Ikonveti upya uiweke 1280 kwa 720, itajaa skrini vizuri, siku hizi nani anaangalia 4:3.

fundi_deki:
Dogo hapo unampoteza mwenzio, hiyo 1280 kwa 720 ni 16:9, umbo pana la TV bapa, ndo umbo lilelile linalowanenepesha, tena ukishaikonveti hivyo unakuwa umechoma unene ndani ya picha.

Mchanga sikiliza. Pikseli za DVD, yani vidoti vinavyounda picha, sio za mraba. Hiyo 720 kwa 576 ni PAL (mfumo wa video wa Ulaya na kwetu), na ukigawanya unapata 5:4, sio 4:3 wala sio 16:9. DVD ya picha pana na ya picha ya kizamani zote zinahifadhiwa kwa 720 kwa 576 ileile, alafu ndani kuna kalebo kanaiambia deki "hii itanue mpaka 16:9" au "hii ionyeshe 4:3". Programu yako imeandika lebo ya uongo. Picha yenyewe nzima kabisa, hakuna kilichoharibika.

Kabla hujagusa kitu hakikisha, usikisie. Simamisha video sehemu yenye kitu cha duara kilichotazama kamera moja kwa moja, sahani, saa ya ukutani, tairi, chukua rula pima upana na kimo kwenye skrini.

mchanga_wa_pwani:
Tairi la gari la maharusi, upana sm 8, kimo sm 6. Wife kanikuta napima skrini kwa rula ya mtoto, sijui hata kaelewaje.

fundi_deki:
😂 8 gawa kwa 6 ni 1.33, na hiyo ndo tofauti kamili ya 16:9 na 4:3. Kwahiyo ni 4:3 inayoonyeshwa kama 16:9. Weka ffmpeg (programu ya bure ya video, unaiendesha kwa kuandika komandi), ingia kwenye folda ya faili, andika:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -aspect 4:3 harusi_sawa.mp4`

Hiyo "copy" maana yake haikonveti tena, inabadili lebo tu, kwahiyo ubora haushuki hata chembe na inachukua muda wa kukopi faili basi.

mwana_kilindini:
Samahani nadandia hapohapo. Mimi ni kinyume, mjomba alituma DVD kutoka Marekani, watu wamekuwa warefu kama nguzo za stima. Faili 720 kwa 480.

fundi_deki:
Hiyo ni NTSC, mfumo wa video wa Marekani, na ni 16:9 iliyobanwa. Komandi ileile, weka 16:9 badala ya 4:3. Ukitaka kuikonveti pikseli ziwe za mraba basi ni 854 kwa 480.

mchanga_wa_pwani:
Laptopu imekubali bila kubonyeza A. Kwenye TV bado mabonge. 😩

fundi_deki:
Anza na rimoti, setingi za picha, kama imewekwa kujaza skrini TV itatanua kila kitu hata ukiiletea faili la malaika. Weka 4:3 au otomatiki.

Ikigoma, jua kwamba MP4 ya H.264 (aina ya ubanaji wa video) ina lebo mbili, moja ya boksi la nje na nyingine ndani ya video yenyewe, na ile komandi ya kwanza imegusa ya nje tu. Ya ndani ni hii:

`ffmpeg -i harusi_sawa.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=sample_aspect_ratio=16/15 harusi_sawa2.mp4`

Kuna TV hazisomi lebo yoyote zikichezesha fleshi. Hapo ndo inabidi kukonveti, ila usikonveti MP4 iliyokwisha konvetiwa, rudi kwenye DVD, kopi yale mafaili ya video ya DVD, VTS_01_1.VOB na kuendelea (ile yenye sifuri mwishoni ni menyu, iache), ziunge iwe harusi.vob, alafu:

`ffmpeg -i harusi.vob -vf "yadif,scale=768:576,setsar=1,pad=1024:576:128:0" -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac harusi_tv.mp4`

Yadif inaondoa ile mistari kama meno ya kitana watu wakicheza. Scale inafanya 4:3 ya kweli kwa pikseli za mraba, na pad inaongeza weusi wa 128 kila upande ili faili zima liwe 16:9, TV ikose cha kutanua.

mwana_kilindini:
Yangu imekaa, mjomba kafupika. Shukran sana.

mchanga_wa_pwani:
Rimoti ilikuwa kwenye kujaza skrini lakini hata nilipobadilisha ikagoma, ya lebo ya ndani nayo ikagoma, ya mwisho imekubali japo laptopu imeunguruma usiku kucha. Sasa bi mkubwa anauliza kwanini pembeni kuna weusi, TV tumenunua kubwa ya nini.

fundi_deki:
Mwambie achague, weusi au mashavu. Na hizo VOB usizifute.