Baba alipandikizwa seli zake mwenyewe: chanjo tutarudia wapi?
Wadau, hamjambo. Naandika kutoka Kisumu. Mwaka jana mzee wangu alipandikizwa selishina (seli mama zinazotengeneza damu) zake mwenyewe huko India kwa sababu ya mayeloma, saratani ya uboho. Damu iko sawa, hata ameanza kubishana tena kuhusu Gor Mahia. Lakini daktari alisema kinga ya chanjo za zamani hufifia, arudie pepopunda, nimonia na nyingine kama mtoto mchanga. Ya surua ingoje miaka 2 ipite. Kliniki ya watoto walinicheka. Halafu juzi mkanda wa jeshi umemtoka ubavuni, maana aliacha kimyakimya asaikloviri, dawa ya kuzuia huo mkanda (eti vidonge vimezidi!). Ganzi ya nyayo nayo haiishi. Mliouguza mgonjwa kama huyu, chanjo mlipata wapi? Hata Eldoret nitafika. Na ganzi mliitulizaje?